Walitafuta Mwezi, Wakapata Tetemeko

Potsdam, 1889

Ernst von Rebeur-Paschwitz hakuwa na habari na matetemeko ya ardhi. Kijana huyu Mjerumani, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 28, alisomea elimu ya nyota, na alichokuwa akikitafuta ni mvuto wa mwezi. Bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mwezi, hilo kila mvuvi analijua. Yeye alitaka kujua kama ardhi ngumu nayo huvutika, na kwa kiasi gani. Akaunda penduli ndogo inayolala ubavu, akaifungia kioo. Mwale wa taa ulipiga kwenye kioo hicho ukarudi na kuangukia karatasi ya picha iliyozungushwa polepole na mitambo ya saa. Penduli ikisogea hata kidogo sana, alama ya mwanga nayo inahama. Chombo kimoja alikiweka Potsdam, kingine Wilhelmshaven, pwani ya Bahari ya Kaskazini.

Aprili 1889 michoro ya miji yote miwili ilivurugika kwa pamoja. Mtu mwingine angeitupa karatasi ile. Rebeur-Paschwitz aliitunza, na baada ya wiki kadhaa akasoma katika jarida la *Nature* kwamba siku hiyohiyo Tokyo ilikuwa imetikiswa. Alipolinganisha saa, hesabu zilikubali: mtikisiko ulikuwa umepita tumboni mwa dunia, kilomita zipatazo 9,000, ukaja kukisukuma kioo chake Ujerumani.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza tetemeko la mbali kiasi hicho kutambuliwa kwa chombo. Kabla ya kufa kwa kifua kikuu mwaka 1895, akiwa na miaka 34, alikuwa amekwisha kupendekeza vituo vya kupima mitetemo visambazwe dunia nzima.

Jambo la kushangaza ni jinsi kisa hiki kilivyojirudia kwa zaidi ya miaka 130. Mara nyingi mno, aliyepiga hatua katika kunasa mitetemo dhaifu kwa kutumia mwanga alikuwa na shughuli nyingine kabisa, na tetemeko kwake lilikuwa kero iliyomharibia kazi.

Bomba la Benioff, 1935–1960

Hugo Benioff wa Caltech, California, naye alianzia kwenye nyota kabla ya kuhamia kwenye ardhi. Vyombo vya wakati wake vilikuwa vya aina moja: uzito ulioning'inizwa ubaki umetulia wakati ardhi inatikisika chini yake. Mwaka 1935 Benioff alikuja na wazo lingine. Badala ya kupima mtikiso, kwa nini usipime umbali kati ya nguzo mbili zilizosimikwa kwenye mwamba? Wimbi la tetemeko linapopita huivuta ardhi na kuibana, hivyo nguzo hizo husogeleana na kuachana. Akachukua bomba la chuma la mita zipatazo 20, akalikaza kwenye nguzo moja, upande wa pili akaacha mwanya mdogo. Kilichopimwa ni ule mwanya.

Chombo hicho kilikuwa na kipaji kimoja ambacho penduli hazikuwa nacho: kilisikia mawimbi ya polepole mno, yanayochukua dakika nyingi kupanda na kushuka mara moja. Ushahidi ulikuja Mei 22, 1960, pale Chile ilipopigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Sayari nzima ilibaki ikitetemeka kwa siku kadhaa. Miezi miwili baadaye wanasayansi walikutana Helsinki, kila kundi na karatasi zake, na namba zikawiana: mtetemo mrefu kuliko yote ulichukua takriban dakika 54. Michoro ya vyombo vya Benioff, vilivyokuwa Isabella huko California na Ñaña huko Peru, ilikuwa miongoni mwa ushahidi uliowekwa mezani.

Udhaifu wa bomba ni kwamba nalo ni kitu. Linapata joto, linapinda, na haliwezi kurefushwa bila kikomo. Kilichohitajika ni rula isiyo na uzito wala joto, na rula hiyo ilikuwa imezaliwa siku sita kabla ya tetemeko la Chile. Mei 16, 1960, katika maabara ya Hughes huko Malibu, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani kwa kutumia kipande cha rubi. Desemba mwaka huohuo Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, pamoja na wenzake wa Bell Labs, waliwasha leza ya gesi za heliamu na neoni, iliyotoa mwanga mfululizo badala ya miale ya kukatika-katika.

Mgodini na jangwani

Mwanga wa leza una mawimbi yaliyopangika sawasawa. Ukiugawa mara mbili, nusu moja ukaituma mbali ikapige kioo na kurudi, nusu nyingine ukaibakiza karibu, kisha ukazikutanisha tena, utaona mistari ya mwanga na kiza. Kioo cha mbali kikisogea nusu tu ya urefu wa wimbi, mistari inahama hatua nzima. Kwa leza nyekundu ya heliamu na neoni, hatua hiyo ni kama milimita 0.0003.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Judah Levine na John Hall walifunga chombo cha namna hii, chenye urefu wa mita 30, ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu karibu na Boulder, Colorado. Mgodini joto halibadilikibadiliki. Chombo kilisikia ardhi ikivutwa na mwezi na jua, kitu kilekile alichokifukuzia Rebeur-Paschwitz, lakini pia kilitumiwa kutafuta mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota ya Crab. Mawimbi hayo hayakupatikana. Hall alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kazi yake ya kupima mwanga.

Waliodumu kwenye kazi hii ni watu wa Piñon Flat, kwenye nyanda kavu za kusini mwa California, kati ya nyufa kubwa za San Andreas na San Jacinto. Jon Berger na wenzake walilaza pale mabomba matatu yaliyotolewa hewa, kila moja mita 732, leza ikipita ndani. Kero yao kubwa ilikuwa udongo. Nguzo za mwisho wa bomba ziliyumba kwa mvua na jua, na mwendo huo ulifunika kile walichokuwa wakikitafuta. Ikabidi wachimbe mashimo hadi mita zipatazo 25 na kutumia mwanga mwingine kupima nguzo inavyohama ukilinganisha na mwamba wa chini. Baada ya hapo chombo kiliweza kuonyesha mabadiliko yaliyo madogo kuliko milimita 1 katika kilomita 1,000.

Ni kazi nzuri sana, na ni ghali sana. Bomba moja la aina ile linataka ardhi iliyonyooka, pampu zinazofanya kazi mchana na usiku, na watu wa kulihudumia miaka nenda, miaka rudi. Ndiyo maana vyombo hivyo duniani vinahesabika kwa vidole.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Wettzell, Bavaria, walijenga leza inayozunguka ndani ya mraba wenye pande za mita 4, kwa nia ya kupima dunia inavyojizungusha. Septemba 2003 tetemeko la Hokkaido, Japani, lilipofika pale, mraba huo ulionyesha wazi jinsi ardhi ilivyojipinda huku na kule, mwendo ambao vyombo vya kawaida havioni. Nako Marekani, mitambo ya LIGO yenye mikono ya kilomita 4, iliyonasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza Septemba 14, 2015, inategemea taarifa za mapema za matetemeko ili isipoteze mhimili wake kila ardhi ya mbali inapotikisika.

Kioo safi, 1966–1976

Wakati watu wa Piñon Flat wanahangaika na nguzo, watu wa simu walikuwa wanahangaika na uchafu.

Mwaka 1966, katika maabara ya Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham walitoa hoja iliyoonekana ya kichaa: uzi wa kioo unaweza kubeba simu kwa mwanga, mradi kioo kiwe safi. Nyuzi za wakati huo zilimeza karibu mwanga wote ndani ya makumi ya mita. Kao alisema inatosha asilimia 1 ibaki baada ya kilomita nzima. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning walifikisha asilimia 2. Leo uzi wa kawaida, mwembamba kama unywele, hubakiza zaidi ya asilimia 95 kwa kila kilomita.

Kasoro moja haikuondoka, wala haitaondoka. Kioo, hata kiwe safi vipi, si sawasawa kabisa ndani yake. Kuna vidoa vidogo mno, vilivyoganda humo kioo kilipopoa, na kila kidoa hurudisha chembe ya mwanga nyuma, kama vumbi linavyoonekana kwenye mwale wa jua unaoingia dirishani. Ni mtawanyiko uleule ambao Lord Rayleigh aliutumia mwaka 1871 kueleza kwa nini mbingu ni ya bluu. Kwa mtu wa simu huo ni upotevu mtupu.

Mwaka 1976 Michael Barnoski na Stephen Jensen, kutoka maabara ileile ya Hughes iliyozaa leza, waliugeuza upotevu huo kuwa kipimo. Ukituma pigo fupi la mwanga na kuhesabu muda hadi chembe zinaporudi, unajua zimetoka wapi, kwa sababu mwanga ndani ya kioo huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Mafundi wa simu wakaanza kutumia njia hiyo kutafuta mahali uzi ulipokatika. Wanaitumia hadi leo.

Kutoka ua wa gereza hadi kisima cha mafuta

Hatua iliyofuata ilitoka kwa walinzi. Miaka ya 1990 Henry Taylor na Chung Lee wa Texas waliona kwamba, leza ikiwa tulivu vya kutosha, mwanga unaorudi hubadilika mara tu uzi unapoguswa. Mtu akikanyaga juu ya uzi uliofukiwa, kioo hunyooka kwa kiasi kisichoonekana, na mpangilio wa mwanga unaorudi kutoka pale unabadilika. Ni kitu kinachofaa kwa ua wa jeshi au gereza, na kwa bomba la mafuta linaloibiwa usiku.

Kampuni za mafuta zilifuata. Kuteremsha vipima-mtetemo ndani ya kisima chenye joto kali ni kazi ghali, na kila chombo kinasikia nukta moja tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni kama Shell zilijaribu kubandika uzi wa kioo kwenye ukuta wa kisima, kwa mbinu ambayo sasa inajulikana kwa herufi DAS. Sanduku moja juu ya ardhi, leza ikipiga mapigo elfu moja au zaidi kwa sekunde, na kila mita chache za uzi zikawa kipimo kinachojitegemea. Kisima cha kilomita 3 kikapata masikio mamia kwa wakati mmoja.

Nyaya za chuo na za ghuba, 2016–2019

Wataalamu wengi walikuwa wanaamini kwamba uzi lazima ushikamane na ardhi, kwa saruji au kwa kufukiwa, la sivyo hautasikia kitu. Biondo Biondi wa Chuo Kikuu cha Stanford hakukubali. Septemba 2016 kundi lake lilianza kurekodi kwenye mzunguko wa kilomita zipatazo 5 chini ya chuo, nyuzi zikiwa zimelala tu ndani ya mabomba ya plastiki ya mawasiliano. Uzito wake na msuguano wa bomba vilitosha. Katika mwaka wa kwanza walinasa matukio zaidi ya 800, kuanzia tetemeko la ukubwa wa 8.2 lililopiga kusini mwa Mexico Septemba 2017 hadi mitikisiko miwili midogo ya jirani, ambayo mwanafunzi aliyelala bwenini asingeisikia kamwe.

Mwaka 2018 Philippe Jousset na wenzake kutoka GFZ, taasisi iliyoko Potsdam, mji uleule wa penduli, walitangaza matokeo ya mkongo wa simu wa kilomita 15 kwenye rasi ya Reykjanes, Iceland. Uzi ulionyesha si matetemeko tu bali na ufa uliokuwa haujaandikwa kwenye ramani. Machi 2018 Nate Lindsey na wenzake wa Berkeley walipata nafasi ya siku nne: mkongo wa utafiti katika Ghuba ya Monterey ulizimwa kwa matengenezo, nao wakaomba wautumie. Kilomita 20 chini ya bahari ziliwapa vipimo vipatavyo 10,000, mahali ambapo kutia chombo kimoja tu kunahitaji meli. Tetemeko dogo la ukubwa wa 3.4 lilipopita, waliona mawimbi yakitawanywa na nyufa za sakafu ya bahari.

DAS ina ukomo wake. Mwanga unaorudi huchoka baada ya kilomita mia moja hivi, na mikongo mirefu ya baharini ina vikuza-mwanga vinavyozuia chochote kisirudi nyuma. Katikati ya Atlantiki mbinu hii ni kiziwi.

Saa za Teddington

Suluhisho lilitoka kwa mtu wa saa. Giuseppe Marra anafanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, Teddington, mahali ambapo saa za atomi hulinganishwa kwa kutumiana mwanga wa leza kupitia mkongo. Leza hizo ni tulivu kupita kiasi, na adui wao ni kelele za njiani: magari, treni, upepo. Oktoba 2016, baada ya kupata habari za matetemeko ya Italia ya kati, Marra alirudi kwenye rekodi za uzi wa kilomita 79 kati ya Teddington na Reading. Katika kelele alizokuwa amezoea kuzichuja, tetemeko lilikuwemo.

Ripoti yake ya mwaka 2018 katika jarida la *Science* ilionyesha matetemeko yaliyonaswa kutoka umbali wa kilomita 25 hadi 18,500, pamoja na moja dogo lililosikika kwenye mkongo wa baharini kati ya Malta na Sicily. Tofauti na DAS, hapa uzi mzima ni sikio moja: unajua kumetokea kitu, lakini hujui hasa wapi. Mwaka 2022 kundi lake lilipata njia ya kuukata mkongo wa kilomita 5,860 kati ya Uingereza na Canada vipande-vipande, kila kipande kati ya kikuza-mwanga na kikuza-mwanga kikawa kipimo chake.

Zhongwen Zhan wa Caltech, pamoja na wahandisi wa Google, walikwenda mbali zaidi kwa urahisi: hawakuongeza leza wala sanduku lolote. Vifaa vya mawasiliano vyenyewe hufuatilia mwelekeo wa mawimbi ya mwanga ili kusahihisha makosa ya data, na rekodi hizo kwa kawaida hutupwa. Wakaziomba. Mkongo wa Curie, unaokwenda zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Los Angeles hadi Valparaíso, Chile, ulikuwa umesikia tetemeko la 7.7 lililotokea karibu na Jamaica Januari 28, 2020, na mengine mengi, pamoja na mawimbi makubwa ya bahari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Kazi iliyogusa maisha ya watu moja kwa moja ilifanyika Iceland. Novemba 2023 mji wa wavuvi wa Grindavík ulihamishwa usiku baada ya ardhi kuanza kupasuka. Katika muda wa siku chache kundi la Zhan lilikuwa limeunganisha kifaa cha DAS kwenye kilomita 100 za mkongo wa simu wa eneo hilo. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopanda husukuma ardhi polepole sana, na uzi ulihisi kunyooka huko kabla lava haijatokeza juu.

Mkongo unaopita kwetu

Septemba 10, 2016, mwezi uleule Stanford walipowasha leza yao, Bukoba ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi. Afrika Mashariki iko juu ya bonde la ufa linaloendelea kufunguka, na vituo vyake vya kupima mitetemo ni vichache na vimeachana sana. Nyuzi za kioo, kinyume chake, zipo tele. Seacom ilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na Mkongo wa Taifa wa Tanzania umefika hadi mpaka wa Mutukula, kaskazini-magharibi mwa Bukoba.

Vikwazo vimebaki viwili. Kifaa kimoja cha DAS kinaweza kuzalisha terabaiti za data kwa siku, mzigo ambao idara nyingi za jiolojia haziwezi kuuhifadhi. Na mwenye mkongo ana sababu ya kusita, kwani uzi unaosikia tetemeko unasikia pia magari na nyayo za watu.

Huenda kitakachowashawishi wenye mikongo si tetemeko. Februari 2024 mikongo ya Bahari ya Shamu ilikatika, na inadhaniwa ni nanga ya meli iliyoshambuliwa ndiyo iliyoikata. Mei 12 mwaka huo EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala watu wakakaa na mtandao wa kusuasua. Leza ileile inayonasa wimbi la tetemeko hunasa nanga inayoburuzwa kuelekea kwenye mkongo, ikiwa bado kuna muda wa kumwita nahodha kwa redio. Vifaa vya kazi hiyo vinauzwa tayari. Rekodi za matetemeko zinapatikana humohumo, bila gharama ya leza ya pili, iwapo mwenye mkongo atakubali kuzitoa.